Saspensheni mpya, kelele mpya: njia tano za kumsaka anayegonga

Umefunga shokapu mpya, springi fupi kidogo, na bushi (vipande vya mpira au plastiki kwenye viungo vya saspensheni) ngumu kuliko zile zilizokuja na gari. Kona zinapitika bila gari kulala, na kwa siku mbili tatu umekuwa ukizunguka njia ndefu makusudi. Kisha, kwenye kipande cha lami chenye viraka, chini ya miguu yako: ko. Mbele kidogo: ko-ko. Unaongeza sauti ya redio. Unaipunguza tena, maana sasa unaisubiri.

Kuanzia hapo kila mtu ana dawa yake. Mmoja ananunua kipuri kingine. Mwingine anampigia simu aliyefunga na kuanza na lawama. Wa tatu anatenga siku nzima na kufungua kila kitu kwa mkupuo. Jioni gari limenyamaza, lakini hajui kilichonyamazishwa ni nini, na wiki inayofuata kelele imerudi. Mimi nilikuwa wa kwanza. Nilibadilisha linki mbili za stabilaiza (stabilaiza ni fimbo inayopunguza gari kulala kwenye kona, na linki ni vyuma vifupi vinavyoiunganisha na magurudumu) zilizokuwa nzima kabisa, halafu nikagundua kwamba kilichokuwa kikigonga ni jeki ya gari lenyewe, imelegea kwenye kishikio chake ndani ya buti.

Hapa nalinganisha njia tano za kutafuta chanzo: kuendesha gari kwa majaribio yaliyopangwa, kukagua kwa mikono na jeki, kutega maikrofoni na kamera, kumwondoa mshukiwa mmoja mmoja, na kumpelekea fundi mwenye lifti. Zote zinafanya kazi. Tofauti ni kila moja inanasa kelele ya aina gani, na inakugharimu nini hadi kufika hapo.

Mambo mawili ya kujua kwanza

La kwanza ni kwamba sikio hudanganywa na chuma. Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 340 kwa sekunde. Ndani ya chuma hufikia takriban mita 5,000. Kishindo cha bushi ya nyuma kinapita kwenye chasisi na kujitokeza mahali bodi inapotikisika kwa urahisi, na wewe unaapa kwamba kimetoka kwenye gurudumu la mbele kushoto. Kwa hiyo "naisikia pale" ni dokezo tu.

La pili linahusu vipuri vya kuongezea hasa. Kipuri kipya kinapopiga kelele, mimi huanza kushuku ufungaji kabla ya kushuku kipuri. Sababu ni kwamba vitu hivi vina masharti ambayo sehemu za kiwandani zilishatimiziwa kabla gari halijakufikia. Bushi ya mpira iliyogandishwa kwenye chuma haizunguki, inajipinda. Ukiikaza bolti yake gurudumu likiwa linaning'inia, inabaki imejikunja siku zote gari linapokaa chini, inalia, na baadaye inachanika. Bushi ya poliurethani kinyume chake huzunguka juu ya bomba lake la chuma, na bila grisi inayoifaa, kwa kawaida ya silikoni, italia "nyii" kila unapopanda tuta. Springi ina ncha inayopaswa kukaa kwenye kikalio chake. Ikikaa pembeni kidogo, inaruka ukikata usukani. Nati ya juu ya shokapu ikikazwa kwa mashine bila kushika ncha ya fimbo, fimbo inazunguka pamoja nayo: nati inaonekana imekaza kumbe haijafika, na sili ya shokapu imeumia. Kelele zote hizo zinatoka kwenye vipuri vizuri.

Tunalinganisha kwa vigezo gani

Kigezo kikubwa kwangu ni kimoja: je, kelele inaitika? Maana yake, unaweza kuitoa unapotaka, gari likiwa limesimama au mahali fulani unapopajua? Kelele inayoitika ukiwa umesimama unaweza kuifuata kwa mkono. Inayoitika barabarani tu inahitaji mbinu nyingine. Isiyoitika kabisa inahitaji subira, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Vingine ni uhakika wa jibu (njia inakuonyesha kipuri chenyewe, au eneo tu?), vifaa na gharama, hatari yake, na mtu inayemfaa. Nitapitia kila njia kwa vigezo hivyo, ingawa siahidi kukaa sawa kila mahali.

1. Kuendesha kwa majaribio yaliyopangwa

Inavyofanyika. Toa kwanza kila kinachoweza kugonga ndani ya gari: jeki, spana, chupa, viti vya watoto, hata tairi la akiba kama linatoka. Tafuta mahali tulivu, fungua madirisha, zima redio na feni. Kisha uliza swali moja kwa kila mzunguko.

Pita juu ya tuta moja kwa moja, magurudumu mawili ya mbele kwa pamoja. Rudia ukilikabili kimshazari, gurudumu moja likitangulia. Stabilaiza hujipinda pale tu upande mmoja unapopanda peke yake. Pande zote zikipanda sawa, inazunguka kwenye bushi zake bila kupokea mzigo mkubwa. Kwa hiyo kelele inayokuja kwa mshazari na kupungua sana kwa kunyooka inakuelekeza kwenye linki na bushi za stabilaiza. Ikija kwa namna zote mbili, angalia shokapu, maunti zake (vishikio vyake kwenye bodi) na mikono ya chini (vyuma vinavyoshikilia gurudumu kwenye chasisi).

Rudi kwenye mikunjo midogo ya barabara panapogonga, na safari hii gusa breki kidogo sana, bila kusimamisha gari. Kelele ikikatika papo hapo, mshukiwa mkuu sasa ni pedi au kaliper inayocheza, na saspensheni yako mpya imesingiziwa. Jaribio hili lingeokoa shokapu nyingi zilizotupwa bure.

Kisha mwendo wa mguu: mbele kidogo, simama, nyuma kidogo, simama. Kishindo kimoja kila unapobadilisha mwelekeo huashiria bushi za mikono ya chini, bolti za fremu ndogo inayobeba saspensheni, au maunti za injini. Zunguka duara dogo kushoto, halafu kulia: mlio wa "ta-ta-ta" unaokwenda na mzunguko wa gurudumu ni wa jointi ya shafti inayozungusha gurudumu, na kwa gari lililoinuliwa juu una mantiki zaidi, kwa sababu pembe ya shafti imeongezeka. Mngurumo unaopanda na kushuka ukiyumbisha gari taratibu kushoto na kulia ni wa beringi ya gurudumu.

Inachokamata vizuri. Karibu kila kelele inayotokea kwa mzigo halisi, na hasa zile ambazo si za saspensheni kabisa. Kishindo kizito, "puu", kwenye mashimo makubwa tu, kwa gari lililoshushwa, huwa ni shokapu kufika mwisho wa safari yake na kugonga mpira wa kikomo. Hapo tatizo ni urefu uliouchagua, maana hakuna kilichovunjika.

Inachokosa. Inakupa eneo na familia ya washukiwa, haikupi jina. Linki na bushi ya stabilaiza hujibu maswali hayahaya kwa namna ileile.

Gharama na hatari. Bure, ila usianze njia hii kama usukani umelegea, gari linavuta upande, au tairi moja linalika ghafla. Hizo ni dalili za kitu kinachoshikilia gurudumu, na gari lenye dalili hizo halifanyiwi majaribio barabarani.

Inamfaa nani. Kila mtu kama hatua ya kwanza, na hasa asiye na vifaa lakini mwenye subira ya kuandika alichosikia. Andika kweli. Baada ya mizunguko sita kumbukumbu inaanza kupendelea kipuri ambacho tayari ulikishuku.

2. Mikono, jeki na mtaimbo

Inavyofanyika. Anza gari likiwa chini. Mtu mmoja akandamize kona ya gari na kuiachia, mwingine asikilize na kugusa. Kidole kilichowekwa juu ya kiungo cha linki kinahisi mgongano mdogo ambao sikio halitaki kuukiri. Kisha mmoja akate usukani hadi mwisho pande zote gari likiwa limesimama, mwingine aweke kiganja juu ya maunti ya shokapu, kama inafikika chini ya boneti. Ukihisi mruko na kusikia "toing", springi haizunguki na beringi ya maunti. Inajikunja, kisha inajiachia. Usiingize vidole kati ya mizunguko ya springi.

Baada ya hapo nenda kwenye jeki, kisha stendi. Gari linalosimama juu ya jeki peke yake halikaguliwi. Shika gurudumu juu na chini, ulisukume na kulivuta: mchezo, yaani ulegevu, unaousikia hapo ni wa beringi au bolijointi (kiungo chenye kichwa cha duara kinachounganisha gurudumu na mikono ya saspensheni). Mwambie mwenzako akanyage breki na urudie. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, ni bolijointi au kiungo kingine cha saspensheni. Ukishika kushoto na kulia, unapima tairodi (fimbo inayosukuma gurudumu ukikata usukani) na reki ya usukani inayoisogeza.

Ni hapa ambapo ukaguzi mwingi wa nyumbani huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mahali unapoweka jeki huamua utakachokiona. Kwenye gari ambalo springi inakalia mkono wa chini, ukiinua kwa chasisi springi inausukuma mkono chini na kuibana bolijointi inayobeba mzigo: mchezo unafichika. Weka jeki chini ya mkono wenyewe, karibu na bolijointi, ili uipe nafasi. Kwenye gari lenye springi iliyozungushwa shokapu na kushikwa juu kwenye bodi, bolijointi ya chini haibebi uzito wa gari, kwa hiyo inua kwa chasisi na uache gurudumu lining'inie. Stabilaiza nayo ina mtego wake. Ukiinua upande mmoja tu, inajipinda na kuzivuta linki, na linki iliyokufa inajifanya nzima. Inua pande zote mbili sawa, au zikague gari likiwa limekaa kwa magurudumu yake.

Mtaimbo ni wa kusukuma bushi taratibu na kutazama kama chuma kinasogea kabla ya mpira. Usitumie nguvu zako zote. Hata bushi mpya itasogea ukiionea.

Inachokamata vizuri. Viungo vilivyolegea, springi iliyokaa vibaya, nati iliyoachia. Alama ya rangi juu ya kichwa cha bolti na chuma kilicho jirani, iliyochorwa siku ya kufunga, inakuambia kwa jicho moja kama bolti imezunguka. Sehemu iliyosuguliwa ikang'aa wakati chuma kingine chote kina vumbi ni ushahidi mzuri kuliko sikio lolote.

Inachokosa. Kelele zinazohitaji mzigo wa mwendo. Koilova (shokapu na springi katika kipande kimoja, chenye urefu unaorekebishwa) ambayo springi yake inalegea gurudumu linapodondokea shimoni, kisha inagonga kikalio chake kwa kurudi, inaweza kukaa kimya ukikandamiza gari kwa mikono.

Gharama na hatari. Vifaa vichache unavyoweza kuazima. Hatari iko juu kuliko njia ya kwanza, kwa sababu uko karibu na uzito wa gari.

Inamfaa nani. Mwenye sakafu ngumu na tambarare, stendi imara, na mtu wa pili. Hasa yule ambaye kelele yake inaitika gari likiwa limesimama. Kwake huyu sioni sababu ya kwenda mbali zaidi kwanza.

3. Maikrofoni na kamera

Inavyofanyika. Vipo vifaa vyenye klipu kadhaa zenye maikrofoni, kila moja na namba yake, zinazofungwa kwenye mikono ya chini, linki, shokapu na fremu. Abiria, si dereva, anavaa vipokea sauti na kubadilisha namba wakati gari linapita mahali panapogonga. Namba inayolia kwa nguvu kuliko zote ndiyo iliyo karibu na chanzo. Kisha unahamisha klipu zote kuizunguka hiyo na kurudia, eneo linapungua. Asiye na kifaa hicho anaweza kutumia kinasa sauti kidogo kilichofungwa imara, sehemu moja baada ya nyingine, ingawa kulinganisha mizunguko miwili tofauti kunahitaji mwendo uleule na mstari uleule.

Kamera inaongeza kile ambacho maikrofoni haina. Ifunge ikitazama mkono wa chini au linki, rekodi kwa picha 120 au 240 kwa sekunde, kisha itazame taratibu. Utaona stabilaiza ikigusa mahali isipopaswa, au bomba la breki likipiga shokapu nene mpya. Vipuri vya kuongezea hupenda makosa ya namna hii: kila kimoja kimekaa sawa peke yake, lakini nafasi kati ya viwili imebanwa.

Inachokamata vizuri. Kelele ya barabarani isiyotaka kuitika gereji, na ile inayosafiri. Kama nilivyosema, chuma kinachanganya sikio. Maikrofoni nyingi kwa wakati mmoja ndiyo njia ya haki ya kumaliza mkanganyiko huo.

Inachokosa. Masikio yasiyozoea hushtuka kwa kila kitu. Kwa karibu, hata saspensheni nzima inapuliza, inakwaruza na kutema kokoto. Mtiririko wa mafuta ndani ya shokapu, ule mlio kama wa kupumua, ni wa kawaida. Dawa ni kulinganisha upande wa kushoto na wa kulia mahali palepale. Tofauti ndiyo habari.

Gharama na hatari. Ndiyo njia inayodai kununua kitu ambacho huenda utakitumia mara moja tu. Nyaya lazima zifungwe mbali na magurudumu, shafti na egzosi. Kamera iliyodondoka barabarani ni hasara yako. Iliyodondokea kwenye gurudumu ni tatizo la kila aliye nyuma yako.

Inamfaa nani. Aliyemaliza njia mbili za kwanza akabaki na washukiwa watatu au wanne. Pia anayefunga vipuri mara kwa mara, kwake kifaa kinajilipa.

4. Kumwondoa mshukiwa mmoja mmoja

Inavyofanyika. Unabadilisha jambo moja tu, unapita mahali palepale, unasikiliza. Wepesi kuliko wote ni maji: nyunyizia bushi moja inayolia. Mlio ukikatika kwa muda na kurudi ikikauka, umeipata. Dawa ya silikoni inafanya kazi hiyohiyo kwa muda mrefu zaidi. Usitumie mafuta ya kulainishia yanayotokana na petroli kwenye mpira. Huuvimbisha na kuulegeza, na utakuwa umetibu mlio kwa kuua bushi.

Hatua inayofuata ni kulegeza bolti za bushi za mpira, kulishusha gari likae kwa uzito wake, kisha kuzikaza upya kwa kipimo cha toki (nguvu ya kukazia) kilichoandikwa na mtengenezaji. Hii ni uchunguzi na tiba kwa pamoja, na kama ningelazimishwa kuchagua jambo moja la kufanya kwenye saspensheni mpya inayolia, ningechagua hili.

Kwa stabilaiza, fungua linki za pande zote mbili, funga stabilaiza isining'inie wala kugusa chochote, kisha pita mahali panapogonga kwa mwendo mdogo sana. Gari litalala zaidi kwenye kona, kwa hiyo si la kwenda nalo safari. Kimya kikija, mshukiwa ni stabilaiza, bushi zake au linki.

Mwisho kabisa ni kurudisha kipuri cha zamani, kama hukukitupa. Kipya kinagonga, cha zamani kinanyamaza, kipya kinarudishwa na kugonga tena: hapo hakuna wa kubishana nawe. Hatua ya tatu ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo yenye thamani. Bila hiyo hujui kama kelele ilikufa kwa sababu ya kipuri au kwa sababu umefungua na kukaza bolti upya.

Inachokamata vizuri. Inatoa jibu lenye jina. Njia nyingine zinashuku; hii inathibitisha.

Inachokosa. Kelele zenye chanzo zaidi ya kimoja. Linki mbovu na maunti mbovu zikigonga pamoja, ukiondoa moja hutasikia tofauti kubwa na utaihesabu kuwa haina hatia.

Gharama na hatari. Muda, mwingi. Na mpaka usiovukwa: stabilaiza inaweza kufunguliwa kwa jaribio, lakini usiendeshe gari bila shokapu, springi, bolijointi wala tairodi, hata mita kumi. Kwenye magari mengi shokapu ndiyo pia inayozuia gurudumu lisishuke kupita kiasi. Kubana springi ili kufungua shokapu iliyo ndani yake ni kazi ya mwenye vifaa sahihi na aliyefundishwa, kwa sababu springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua.

Inamfaa nani. Mwenye subira na spana ya kupimia toki, anayeweza kujizuia asiguse vitu viwili kwa mara moja. Kizuizi hicho ni kigumu kuliko kinavyosomeka.

5. Fundi mwenye lifti

Inavyofanyika, kwa kifupi: gari linapanda juu, mtu mwenye uzoefu anatikisa kila kiungo, na baadhi ya gereji na vituo vya ukaguzi vina mabamba yanayosukuma magurudumu huku na huku wakati yeye anatazama kutoka chini.

Inachokamata vizuri. Bolijointi, beringi na reki ya usukani, yaani sehemu ambazo kukosea kwake si suala la kero. Pia bolti za kurekebisha pembe za magurudumu: zikiteleza, husikika kishindo kimoja, na baada ya hapo usukani unakaa upande hata gari linapokwenda moja kwa moja. Hilo linadai kukazwa na kupimwa alaimenti upya, na mashine ya kazi hiyo iko kwake.

Inachokosa. Lifti yenye nguzo mbili huinua gari kwa bodi na kuacha magurudumu yakining'inia. Katika hali hiyo bushi na linki hazijabeba kile zinachobeba barabarani, na kelele ya mzigo inaweza kutoweka kabisa. "Hakuna kitu" kutoka chini ya lifti ya nguzo mbili ni nusu ya jibu. Lifti ambayo gari linapandishwa likisimama kwa magurudumu yake, au shimo la gereji, hukagua saspensheni ikiwa na uzito. Uliza kabla hujaacha funguo.

Gharama na hatari. Unalipa, lakini hatari kwako ni ndogo kuliko zote. Hatari iliyopo ni ya mfuko: orodha ya vipuri vya kubadilisha bila hata kimoja kuthibitishwa. Mwombe fundi aketi kando yako na aisikie kelele kabla gari halijapanda juu, na mkabidhi maandishi ya majaribio yako. "Inakuja kwa mshazari, haiji kwa kunyooka, haibadiliki kwa breki" inamwokolea muda kuliko "mbele kunagonga".

Inamfaa nani. Asiye na mahali salama pa kuinua gari, na kila mwenye dalili za usukani nilizozitaja.

Uchague ipi, kulingana na hali yako

Kelele inakuja ukikata usukani ukiwa umesimama: njia ya pili, na uanze na maunti za juu na ukaaji wa springi. Maikrofoni hazitakuongezea kitu.

Ni mlio wa "nyii" na umefunga bushi mpya: njia ya nne, maji kwanza. Kama ni poliurethani, ifungue uipake grisi yake. Kama ni mpira, zikaze bolti gari likiwa limekaa chini.

Inagonga kwenye mikunjo midogo kwa mwendo mdogo: jaribio la mshazari na la breki kwanza, kisha linki gari likiwa chini, kisha nati ya juu ya shokapu. Watu wengi wataishia hapo bila kununua chochote.

Umefunga koilova na kelele inakuja gurudumu likidondoka, si likipanda: inua gari, utazame kama springi inazunguka kwa mkono magurudumu yakining'inia. Ikizunguka, angalia pete za kufungia, na kama mtengenezaji anaruhusu springi ndogo ya kusaidia, hiyo ndiyo kazi yake. Kamera inafaa hapa kama huoni kitu.

Gari limeshushwa au limeinuliwa na kelele ni ya mashimo makubwa tu: kamera, au rangi laini isiyokauka iliyopakwa mahali unaposhuku panagusana. Pita barabarani, rudi, tazama rangi imehamia wapi.

Kelele haitabiriki, leo ipo, kesho haipo: usinunue kitu. Weka alama za rangi kwenye bolti, endelea kuandika hali ya hewa, mzigo na barabara, na ukimbilie maikrofoni pale utakapoona mpangilio. Bushi nyingi hulia zaidi zikiwa baridi, na kishikio cha egzosi kilicholegea huweza kulia zaidi kikiwa moto.

Kipuri bado kina dhamana: ishia kwenye njia tatu za kwanza, rekodi video yenye sauti, na usivunje wala kukata chochote. Muuzaji atauliza kipuri kilifungwaje na kilikazwa kwa toki gani, kwa hiyo tafuta majibu hayo kwa aliyefunga kabla hujampigia muuzaji.

Na kama umehisi mchezo kwenye bolijointi au tairodi, hata kama kelele yenyewe ni ndogo: gari lisitoke pale lilipo kwa magurudumu yake. Mwite fundi, au lipandishe kwenye gari la kubebea.